Mchungaji anataka picha za tuliowasaidia: jibu kwa dada wa Kisumu

Swali:

Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi ni mshirika wa kanisa moja hapa Nyalenda, Kisumu, na ndiye ninayeshughulikia ukurasa wetu wa Facebook na grupu la WhatsApp. Baada ya mafuriko tulipeleka unga, mafuta na blanketi kwa familia za upande wa Ahero. Nilipiga picha nikaziweka. Moja ilikuwa ya nyanya mmoja akipokea unga, na mjukuu wake wa darasa la tano kando yake, amevaa sare ya shule. Watu waliipenda sana. Baadaye nikasikia kwamba mtoto anachekwa shuleni, wanamwita “mtoto wa msaada”, na nyanya hataki kutuona tena. Mchungaji anasema waliochanga wana haki ya kuona, na kwamba Yesu alisema nuru yetu iangaze. Rafiki yangu wa kanisa lingine anasema tumekwisha kupata thawabu yetu, afadhali niufunge ukurasa. Nifanye nini? Na Mkristo aishi vipi imani yake mitandaoni bila kuumiza watu?

Jibu:

Bwana asifiwe sana, dada. Kuna jambo moja ambalo haliwezi kungoja umalize kusoma. Ingia Facebook sasa hivi uifute picha hiyo. Ukiifuta pale ulipoiweka mwanzo, wale walioishea kwenye kurasa zao haitaonekana kwao tena. Walioipakua au kuipiga skrinshoti bado watakuwa nayo, na hilo huna la kulifanya isipokuwa kuwaomba. WhatsApp ni ngumu zaidi: nafasi ya kufuta ujumbe kwa wote huisha baada ya siku mbili na kidogo tangu utume, na hata ndani ya muda huo picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu ya mtu haitoki. Kwa hiyo andika kwenye grupu maneno machache tu: “Ndugu, tafadhali futeni picha zote za Ahero kwenye simu zenu na msizitume popote.” Usimtaje nyanya, usimtaje mtoto, usieleze yaliyotokea shuleni. Ukieleza, wale ambao hawakujua watajua leo.

Kisha nenda kwao. Usipige simu wala kutuma ujumbe, kwa kuwa kosa lililofanywa uso kwa uso linaombewa msamaha uso kwa uso. Nenda na mama mmoja mtu mzima ambaye nyanya anaweza kuketi naye wakaongea Kijaluo bila haraka. Najua kwetu mtu haendi kwa mzee mikono mitupu. Basi peleka kile ambacho ungempelekea nyanya yako mwenyewe, sukari na majani ya chai, na kisiwe na jina la kanisa. Simu ibaki kwenye mkoba. Muombe msamaha nyanya, halafu mgeukie mtoto umuombe na yeye, kwa jina lake, kwa sababu ndiye anayeingia darasani kila asubuhi na jina jipya alilopachikwa. Waulize wanataka nini. Huenda wakataka uongee na mwalimu mkuu, huenda wasitake shule iguswe kabisa. Wao ndio wanaojua. Na usiandike popote kwamba ulikwenda kuomba msamaha, hata kama kanisa lingejengeka kwa kusikia hivyo.

Sasa tuje kwa mchungaji wako na rafiki yako. Wote wawili wananukuu mahubiri yale yale ya mlimani. Mchungaji ameshika Mathayo 5:16, nuru yenu iangaze mbele ya watu. Rafiki yako ameshika mwanzo wa sura ya 6, msifanye wema wenu machoni pa watu kusudi mtazamwe na wao. Aya hizo hazigombani: moja inasema watu wakiona matendo wamtukuze Baba, nyingine inamwonya anayetenda ili atukuzwe yeye. Ila nimeusoma ubishi wao mara kadhaa na kuna kitu kinanisumbua. Wote wawili wanabishana juu ya mtoaji. Je, mtoaji ameangaza? Je, mtoaji amepoteza thawabu? Nyanya wa Ahero hayumo katika mazungumzo hayo, ilhali uso uliojaa kwenye picha ulikuwa wake.

Ndiyo maana mimi ningewapeleka wote wawili kwa aya nyingine. Katika 1 Wakorintho 11, Paulo anawakemea watu wanaokuja kwenye chakula cha Bwana, matajiri wakashiba na maskini wakabaki na njaa mbele ya wenzao. Swali analowauliza katika aya ya 22 ni zito: “Au mwalidharau kanisa la Mungu, na kuwatahayarisha hao wasio na kitu?” Kuwatahayarisha wasio na kitu, kwa Paulo, ni kulidharau kanisa lenyewe. Yeye halihesabu kuwa jambo la adabu tu. Tunaweza kumlisha mtu na kumtahayarisha kwa mkono mmoja, na ndivyo ilivyotokea kwenu, ingawa hakuna hata mmoja wenu aliyekusudia.

Nataka tukae kidogo kwenye Marko sura ya 5, maana ndiyo ninayoirudia kila ninapofundisha vikundi vya mawasiliano vya makanisa hapa Nakuru. Isome yote kwa mkao mmoja. Kuna watu watatu ndani yake wanaopokea msaada mkubwa, na Yesu anashughulikia habari zao kwa njia tatu tofauti.

Wa kwanza ni yule mtu wa makaburini katika nchi ya Wagerasi. Amepona, amevaa nguo, ana akili zake, na anaomba kufuatana na Yesu. Anakataliwa. Anaambiwa arudi nyumbani kwa watu wa kwao akawaeleze mambo makuu aliyotendewa na Bwana, naye anakwenda kuyahubiri katika Dekapoli. Hapo habari inatangazwa, na inatangazwa sana. Lakini anayeitangaza ni mwenye habari, kwa kinywa chake, kwa watu waliomfahamu tangu zamani.

Wa mwisho ni binti Yairo, mtoto wa miaka 12. Nyumba imejaa watu wanaolia na kuomboleza. Yesu anawatoa wote nje, anabaki na baba, mama na wale wanafunzi watatu aliokuja nao. Anamwinua mtoto, anawaonya sana mtu asiijue habari hiyo, kisha anaagiza apewe chakula. Ni muujiza mkubwa kuliko yote ya sura ile. Kama kuna tukio ambalo lingefaa kuonyeshwa ili nuru iangaze, ni hilo, na yeye aliufunga mlango kwa sababu aliyekuwa kitandani ni mtoto.

Katikati yupo yule mama aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuja kwa siri, na Yesu aliuliza hadharani ni nani aliyemgusa. Kuna watakaokuambia: unaona, huyu alitolewa mbele za watu. Angalia vizuri jinsi ilivyokuwa. Yesu hakumnyoshea kidole. Aliuliza, akatazama, akangoja, na mama mwenyewe akaja akamwambia kweli yote. Na kilichosikika na umati ule ni kwamba mtu aliyehesabiwa najisi, ambaye hakutakiwa hata kugusana na wenzake, aliitwa “Binti”. Alirudi kwao na heshima ambayo hakuwa nayo alipofika.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu, nacho ninakupa ukitumie: baada ya picha hii kuonekana, mtu huyu atakuwa na heshima zaidi mtaani kwake, au atakuwa nayo kidogo? Uliza hivyo juu ya majirani zake, usiulize juu ya wafuasi wa ukurasa wenu walioko Nairobi. Wale waliolaiki picha ya nyanya walimwona maskini aliyesaidiwa na wakamshukuru Mungu kwa moyo safi. Wenzake wa kijijini waliona jirani yao amefikia kuomba unga.

Kuna na upande wa sheria, ambao wachungaji wengi hudhani hauwahusu. Unawahusu. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja wazi kwamba habari za familia yake zisifichuliwe pasipo lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari zozote zinazomtambulisha mtu, picha ikiwemo. Kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na tena jambo lenyewe liwe kwa manufaa ya mtoto. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Siku hizo hizo kilabu kimoja kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake. Sikutajii haya ili uogope. Ninayataja kwa sababu mtoto wako wa Ahero alikuwa amevaa sare, na sare inamwambia mtu yeyote asiyemjua ni shule gani atampata kesho saa nne. Hilo peke yake lingetosha kuizuia picha, hata kama angekuwa anapokea zawadi ya hesabu.

Hoja ya mchungaji kuhusu waliochanga lakini ina uzito, na sitaki uende kwake ukaidharau. Watu wameona michango ikipotea makanisani. Mtu aliyetoa shilingi 200 kutoka kwenye biashara yake ya omena pale soko la Kibuye ana haki kamili ya kujua ilikokwenda. Tena Biblia iko upande wake. Paulo alipokuwa akikusanya mchango wa Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na katika 2 Wakorintho 8:20-21 akasema sababu: asije mtu akawalaumu kwa habari ya karama ile, kwa kuwa walitaka yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Sura ya 8 na ya 9 zote ni za kuomba na kulinda fedha. Ndani yake kuna Tito, kuna ndugu wa kuaminiwa, kuna utaratibu. Hakuna maskini hata mmoja wa Yerusalemu aliyetajwa jina.

Basi wapeni waliochanga kile ambacho Paulo aliwapa wake. Andika ripoti ya ukurasa mmoja. Iseme zimeingia shilingi ngapi kulingana na taarifa ya M-Pesa ya kanisa, zimenunua pakiti ngapi za unga wa kilo 2, lita ngapi za mafuta, blanketi ngapi, kutoka duka gani, na nauli ya gari ilikuwa kiasi gani. Iseme familia ngapi zimepokea. Itiwe sahihi na wazee wawili wa kanisa waliokwenda, na kama mzee wa mtaa au chifu msaidizi alikuwepo, naye atie. Risiti zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na salio litajwe hata kama ni shilingi 40. Mtu akisoma hiyo Jumapili atajua mengi kuliko ambavyo picha ingemwambia, kwa sababu picha ya nyanya mmoja na pakiti moja ya unga haithibitishi chochote juu ya pakiti nyingine zote.

Picha bado zinaweza kuwepo. Piga picha za magunia yakipakiwa, vijana wenu wakibeba, barabara iliyokatwa na maji ya mto Nyando, shamba la mpunga lililozama. Hizo zinaeleza hitaji na hazimtaji mtu. Saa ya kugawa yenyewe, mimi ningeweka kanuni kwamba hakuna simu inayoelekezwa kwa watu, hata kidogo. Mtu aliyesimama kwenye foleni tangu asubuhi na watoto wana njaa hawezi kukukatalia picha. Utamuuliza, atasema sawa, atatabasamu, na utaamini amekubali. Na mheshimiwa akiomba kuja “kuwaunga mkono” na wapiga picha wake, mwambieni kwa heshima mchango wake mtaupokea kanisani.

Ukitaka habari ya mtu kwa kweli, rudi siku nyingine, bila msaada wa kugawa mkononi, umuulize kama angependa kusimulia. Mweleze itakwenda wapi na ni nani ataiona, maana si kila nyanya anajua kwamba Facebook inafika hadi kwa mkwe wake. Mwonyeshe picha kabla ya kuiweka. Mwambie anaweza kubadili mawazo hata baada ya miezi, nawe utaiondoa. Akisema hapana, usimsihi kwa aya. Akisema ndiyo, aseme mwenyewe, kwa lugha yake, na awe ndiye anayeamua mwanzo na mwisho wa habari yake. Huo ndio ushuhuda wa yule wa Wagerasi.

Grupu la WhatsApp nalo lina mtego wake, na nadhani ni mkubwa kuliko wa Facebook kwa sababu tunajiona tuko nyumbani. Maombi. Mtu anaandika: “Tumuombee dada fulani, amelazwa hospitali ya Russia hapo Kisumu, wodi fulani, madaktari wamepata hiki na kile,” na chini yake picha ya mgonjwa akiwa na mpira wa oksijeni. Moyo ulioandika ni wa upendo, sina shaka. Lakini katika watu 200 wa grupu yumo mwajiri wake, yumo shemeji ambaye hajaambiwa, yumo aliyewahi kukosana naye. Habari za afya ni miongoni mwa zile ambazo sheria ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti, na huhitaji sheria kuliona hilo. “Tumkumbuke dada yetu mmoja aliye hospitalini, Bwana anamjua” inatosha kwa maombi. Jina litajwe yeye akikubali. Ugonjwa uachwe kwake na daktari. Wanaopaswa kwenda kumwona waambiwe mmoja mmoja. Wewe ni admini, kwa hiyo unaweza kuliondoa ombi lililozidi kisha umpigie aliyeliandika umweleze kwa upole. Usimkosoe ndani ya grupu.

Orodha za michango ya matanga na za hospitali ni hivyo hivyo: ile ya jina na kiasi, inayonakiliwa upya kila mtu anapotuma. Inasaidia kulinda fedha, na inamwumiza aliyetoa shilingi 50 chini ya aliyetoa 10,000. Wekeni majina na jumla. Kiasi cha kila mmoja kibaki kwa mweka hazina, naye ampe mtu thibitisho lake binafsi.

Umeniuliza pia Mkristo aishi vipi imani yake mitandaoni. Jibu langu lote lilikuwa hilo, kwa sababu naamini imani mitandaoni huonekana kwanza katika kile tunachofanya na jina na uso wa jirani, kabla ya aya tunazoweka asubuhi. Aya ni njema, endelea kuziweka. Lakini sisi wa Nakuru na ninyi wa Kisumu tunakumbuka ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, jinsi ujumbe wa simu uliobeba matusi ya kikabila ulivyopita mkono kwa mkono, na wengi walioupitisha walikuwa kanisani Jumapili iliyotangulia. Siku hizi WhatsApp inakuwekea alama kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kuutuma kwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati. Alama hiyo ukiiona, uliza: aliyesemwa humu angekuwa ameketi nami kwenye benchi la kanisa, ningeusoma kwa sauti? Kama hapana, uishie kwako.

Ukurasa usiufunge. Kuna mama mgonjwa anayefuata ibada akiwa kitandani, kuna vijana wenu walioko Saudi na Qatar ambao kuimba kwa kwaya yenu ndiko kunakowarudisha nyumbani kwa saa moja. Hao hawana kosa lolote.

Nenda kwa mchungaji kabla ya kikao cha wazee, muwe wawili tu, ili asijikute akijitetea mbele ya watu. Anza na mtoto, usianze na sheria. Mwambie yaliyompata, kisha nyamaza umpe nafasi. Wachungaji wengi ninaowafahamu hawahitaji zaidi ya hapo. Halafu mwonyeshe rasimu ya ripoti, aone kwamba hoja yake ya uwazi umeichukua kwa dhati. Omba mambo mawili yapitishwe na kikao: hakuna picha za watu wakati wa kugawa, na hakuna picha ya mtoto bila mzazi kukubali siku tofauti. Akikataa kabisa, mwambie kwa heshima kwamba kazi nyingine zote za ukurasa utaendelea nazo ila hiyo hutaifanya. Unayo ruhusa ya dhamiri kusema hivyo. Na ripoti ya Ahero ukishaiandika, nitumie kabla haijasomwa kanisani, niipitie pamoja nawe.